Mwongozo Kamili wa Kulinda Ajira na Kudumu katika Kazi ya Usanifu wa Michoro

Usanifu wa michoro, yaani kazi ya kutengeneza nembo, mabango, vifungashio, vitabu, ripoti na matangazo ya mitandaoni, unawavuta vijana wengi wa Dar es Salaam na Nairobi kwa sababu kompyuta moja na bidii ya kujifunza vinatosha kumwingiza mtu sokoni. Urahisi huo wa kuingia ndio pia unaofanya kutoka kuwe kwepesi. Mtu hufanya kazi miaka sita katika kampuni ya matangazo, mteja mkubwa wa kampuni anahama, ofisi inapunguza watu, na dizaina anajikuta nje hana faili za kazi alizofanya, hana mkataba unaoeleweka, na ujuzi wake wote ni wa programu ambayo kila anayemaliza kozi ya miezi mitatu anaijua.

Mwongozo huu unamhusu dizaina aliyeajiriwa na pia anayejitegemea, kwa kuwa katika soko letu mtu yuleyule hupitia hali zote mbili, mara nyingine ndani ya mwaka mmoja. Kwa maoni yangu, anayedumu ni yule ambaye mteja au mwajiri anamwachia maamuzi, na ambaye ana maandishi ya kuthibitisha alichofanya, alichokubaliana na anachodai. Wepesi wa mkono ni jambo jema, lakini kila mwaka linapatikana kwa bei ya chini zaidi. Hatua zinazofuata zimepangwa kwa mtiririko ambao ningemshauri mdogo wangu aufuate.

Hatua ya kwanza: fahamu uko katika mkataba wa aina gani

Anza na karatasi uliyosaini, au ambayo hukusaini. Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini Na. 6 ya 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya ajira kwa maandishi, ikiwa ni pamoja na kazi yenyewe, tarehe ya kuanza, saa za kazi na malipo. Kama huna karatasi hiyo, iombe kwa barua pepe ya heshima na uitunze barua hiyo, kwa sababu ombi lenyewe ni ushahidi kwamba uliuliza. Sheria hiyo inamtaka pia mwajiri awe na sababu halali na afuate utaratibu wa haki anapomwachisha mtu kazi, lakini ulinzi huo haumhusu mfanyakazi ambaye hajatimiza miezi sita kwa mwajiri wake. Kwa hiyo miezi sita ya mwanzo ni ya tahadhari: usichukue mkopo mkubwa, usihamie nyumba ya kodi kubwa, na usiwaache wateja wako wa zamani.

Wapo madizaina wengi wanaokaa ofisini kila siku tangu asubuhi hadi jioni, wanatumia kompyuta ya kampuni, wanapangiwa kazi na msimamizi, kisha mwisho wa mwezi wanaambiwa kwamba wao si waajiriwa bali ni watu wa nje wanaoleta ankara. Hao ndio wanaoumia kuliko wote, kwa sababu hawana likizo, hawana mchango wa hifadhi ya jamii na hawapewi notisi. Sheria ya Taasisi za Kazi Na. 7 ya 2004 imeweka vigezo vya kumtambua mwajiriwa hata pale karatasi inaposema vinginevyo. Inatazama kama mtu anaelekezwa namna ya kufanya kazi na saa za kuifanya, kama anapewa vitendea kazi, kama anamtegemea mtu mmoja kwa kipato chake, na kama amemfanyia kazi mtu huyo kwa wastani wa angalau saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Mwenye hali hiyo asikubali haraka kwamba hana haki. Aandike tarehe alizoingia kazini na kutoka, na atunze ujumbe wa msimamizi wake, hata ule wa WhatsApp.

Kagua pia michango yako kwa jicho lako mwenyewe. Mchango wa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, Tanzania ni asilimia 20 ya mshahara, na mwajiri haruhusiwi kukukata zaidi ya asilimia 10, ilhali Kenya, tangu Sheria ya NSSF ya 2013 ilipoanza kutekelezwa mwaka 2023, mfanyakazi na mwajiri huchangia asilimia 6 kila mmoja, kwa viwango vilivyowekewa ukomo. Omba taarifa ya akaunti yako kutoka kwenye mfuko wenyewe walau mara mbili kwa mwaka, kwa kuwa hati ya mshahara huonyesha makato tu na haithibitishi kwamba fedha zimefika.

Hatua ya pili: tunza ushahidi wa kila kazi

Mwaka 2017 vyombo vya habari vya Tanzania viliandika sana habari za mzee Francis Kanyasu, aliyejulikana zaidi kwa jina la Ngosha, ambaye alisema kwamba yeye ndiye aliyechora Nembo ya Taifa. Alikuwa akiishi maisha ya dhiki jijini Dar es Salaam, na alifariki dunia Mei mwaka huohuo. Nembo hiyo imo kwenye noti, kwenye pasipoti na juu ya meza za ofisi zote za serikali, lakini hadi leo mjadala kuhusu aliyeichora haujafungwa, kwa maana jina la Jeremiah Kabati nalo hutajwa. Sitaki kuamua nani alistahili. Ninalosema ni kwamba mchoro unaoonwa na taifa zima kila siku haukuambatana na karatasi ya kumtaja mchoraji wake waziwazi, na kama hilo limetokea kwa nembo ya nchi, litatokea kwa nembo ya duka la dawa uliyoichora mwezi uliopita.

Basi jenga mazoea haya. Kwa kila kazi fungua folda moja yenye maelekezo ya mteja kama yalivyofika, michoro ya penseli iliyopigwa picha, matoleo ya kati yenye tarehe, toleo la mwisho, barua ya mteja ya kukubali, na picha ya kazi ikiwa imechapwa au imetundikwa barabarani. Picha hiyo ya mwisho wengi huisahau. Bango la barabarani hukaa wiki chache, likishaondolewa hakuna tena namna ya kuonyesha kwamba lilikuwapo. Weka nakala mahali pawili: diski ya nje na hifadhi ya mtandaoni inayolipiwa kwa jina lako.

Mwajiriwa lazima awe mwangalifu hapa, kwani faili za kampuni si mali yake na kuzibeba kwa siri kunaweza kumfukuzisha kazi kihalali. Omba ruhusa ya maandishi ya kuonyesha kazi zilizokwisha kutoka hadharani katika potifolio yako, na uiombe ukiwa bado unapendwa ofisini, kabla ya siku ya kuondoka. Mara nyingi jibu huwa ni ndiyo.

Kuhusu umiliki, dizaina wa Kenya ajue kwamba Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inahesabu kuwa hakimiliki ya kazi iliyoagizwa, au iliyofanywa ndani ya ajira, imehamia kwa aliyeagiza au kwa mwajiri, isipokuwa kama makubaliano yao yanasema tofauti. Maana yake ni kwamba kukaa kimya kunamnufaisha mteja. Andika kwenye makubaliano ni haki zipi zinahama, ni lini zinahama (weka neno kwamba ni baada ya malipo kukamilika), na kwamba unabaki na haki ya kuonyesha kazi na kutajwa jina. Ushauri huo unafaa Tanzania pia, ambako COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya nchi hiyo, husajili kazi za wabunifu, kama KECOBO inavyofanya Kenya. Hakimiliki inaanza pale kazi inapotengenezwa hata kabla ya kusajiliwa, lakini cheti cha usajili husaidia sana siku ya mabishano.

Hatua ya tatu: chagua eneo moja na ulijue hadi chini

Tarehe 31 Desemba 2020 Adobe iliacha kuihudumia Flash, programu ambayo kwa miaka mingi ilikuwa ndiyo riziki ya watu waliojiita madizaina wa Flash. Kabla yake PageMaker na FreeHand zilikwisha kupotea, ingawa magazeti na wapiga chapa wengi walizitegemea. Aliyekuwa anajua vibonye vya programu hizo alianza upya. Aliyekuwa anajua kupanga ukurasa wa gazeti, kuchagua herufi na kupima nafasi alihamia programu nyingine ndani ya wiki chache. Ujuzi wa kudumu ni ule unaohusu kitu chenyewe kinachotengenezwa na watu watakaokitumia.

Chukua mfano wa vifungashio, eneo ambalo naliona lina nafasi kubwa Afrika Mashariki kwa sababu viwanda vidogo vya unga, asali, viungo, sabuni na mafuta ya alizeti vinazidi kuongezeka, na kila kimoja kinahitaji lebo. Mteja akija na mfuko wa unga wa kilo 2, kijana wa kawaida anafikiria hindi zuri na jina kubwa. Dizaina wa vifungashio huuliza kwanza mfuko utachapwa wapi na kwa mtambo gani. Ikiwa ni plastiki inayochapwa kwa flekso, yaani mtambo unaochapa kwa pleti laini zinazopindika, anajua kwamba kila rangi ina pleti yake na gharama yake, kwamba rangi zinaweza kusogea kidogo zisikutane, na kwamba maandishi madogo meupe ndani ya rangi nzito yatazibika wino na kutosomeka. Kwa hiyo anaweka maandishi madogo kwa wino mweusi pekee, bila kuuchanganya na rangi nyingine tatu za uchapaji. Kwenye lebo ya karatasi anaacha milimita 3 za ziada pembeni kwa ajili ya kisu.

Halafu inakuja bakodi, ile alama ya mistari inayosomwa na mashine dukani, ambayo kwa kampuni zilizosajiliwa Tanzania huanza na 620 na kwa za Kenya 616. Mteja anayependa mpangilio wa rangi anaweza kuomba mistari iwe myekundu ili iendane na nembo. Mashine nyingi za dukani humulika mwanga mwekundu, na mbele ya mwanga huo mstari mwekundu huonekana sawa na karatasi nyeupe, hivyo mashine haioni kitu. Bidhaa itakataliwa kaunta, na mifuko maelfu kadhaa itakuwa hasara. Anayejua hilo analisema mapema, anaacha nafasi tupu kila upande wa mistari, na anajaribu sampuli kwa mashine halisi kabla ya kuruhusu uchapaji.

Zaidi ya hapo kuna kiwango cha EAS 38 cha Afrika Mashariki kinachohusu lebo za vyakula vilivyofungashwa, chenye masharti juu ya jina la bidhaa, viambato, uzito halisi, anwani ya mzalishaji na tarehe za kutengenezwa na kuisha muda, na kuna alama ya ubora ya mashirika ya viwango, TBS la Tanzania au KEBS la Kenya, ambayo huweki mpaka mteja apewe kibali cha kuitumia. Mwenye kiwanda ambaye dizaina wake anayajua haya hatamwacha kwa sababu jirani amepunguza bei kwa shilingi 20,000. Hapo anamlipa kwa hasara anazomwepusha.

Si lazima liwe eneo la vifungashio. Kuna vitabu vya shule, ripoti zenye takwimu, ishara za kuelekeza watu hospitalini, kurasa za programu za simu, khanga na vitenge. Chagua kwa vigezo vitatu: kuna watu wanaolipa, kosa lake lina gharama kubwa, na wewe mwenyewe unalipenda kiasi cha kusoma juu yake bila kusukumwa. Kisha nenda mahali kazi inapokamilikia. Anayesanifu kwa ajili ya uchapaji atumie siku kadhaa kwenye mitambo ya Kariakoo, Dar es Salaam, au River Road, Nairobi, asimame karibu na fundi, aulize kwa nini faili fulani zinarudishwa. Mafundi hao wanajua mengi na mara nyingi hakuna anayewauliza.

Hatua ya nne: ipangie akili mnemba (AI) nafasi yake

Tangu Midjourney na Stable Diffusion zilipotoka mwaka 2022, na Adobe ilipoleta Firefly mwaka 2023, picha nzuri hupatikana kwa kuandika sentensi. Kabla ya hapo Canva, iliyoanzishwa Australia mwaka 2013, ilikwisha kuwapa makatibu wa ofisi na wenye maduka uwezo wa kutengeneza vipeperushi vyao wenyewe. Kazi ya kupanga maneno ya tangazo juu ya picha kwa malipo madogo imekwenda na hairudi, na si busara kupanga maisha juu yake.

Zijifunze programu hizi, uzitumie katika hatua za mwanzo za kutafuta mawazo na katika kazi za kuchosha kama kuondoa mandhari ya nyuma ya picha. Lakini weka mipaka miwili. Wa kwanza ni wa umiliki: Februari 2023 Ofisi ya Hakimiliki ya Marekani ilikataa kutambua hakimiliki ya picha zilizotengenezwa na Midjourney ndani ya kitabu kimoja cha katuni, kwa hoja kwamba hazikuwa na mtunzi binadamu. Nembo ambayo mteja anataka kuimiliki peke yake isitokane moja kwa moja na mashine. Mwambie mteja kwa maandishi wapi umetumia akili mnemba na wapi hukuitumia. Mpaka wa pili ni wa ukweli wa mahali. Mashine hizi hukosea herufi na maneno ya Kiswahili, huchanganya mavazi ya watu wa nchi tofauti, na huchora soko ambalo halifanani na soko lolote la pwani ya Afrika Mashariki. Macho ya mtu anayeishi hapo yana thamani, mradi ayatumie kukagua kila picha kabla haijatoka.

Hatua ya tano: panga fedha kwa kudhani kwamba mteja mkubwa ataondoka

Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na kufikia Julai shirika la USAID lilikuwa limefungwa. Miradi mingi ya afya na kilimo Kenya na Tanzania ilisimama, na pamoja nayo zilisimama ripoti, mabango ya uhamasishaji na vitabu vya mafunzo. Dizaina ambaye wateja wake wote walikuwa mashirika yanayofadhiliwa kutoka mfuko mmoja aliwapoteza kwa pamoja, ingawa kwenye daftari lake walionekana kuwa wateja watano tofauti. Kwa hiyo unapohesabu wateja, hesabu vyanzo vya fedha zao. Mimi naweka kiwango hiki: chanzo kimoja kisizidi theluthi moja ya kipato cha mwaka, na kikizidi, miezi inayofuata itumike kutafuta kazi kwingine hata kama una shughuli nyingi.

Chukua malipo ya awali ya nusu, na kwa kazi ndefu gawa malipo kwa hatua badala ya kusubiri mwisho. Taja idadi ya marekebisho yaliyomo kwenye bei, mawili au matatu, na bei ya kila rekebisho la ziada. Toa faili zinazoweza kuhaririwa baada ya kulipwa. Mteja akikukata kodi ya zuio, ambayo kwa huduma za kitaalamu zinazotolewa na mkaazi ni asilimia 5 Tanzania na Kenya, dai cheti chake, kwani kiasi hicho hupunguzwa kwenye kodi yako ya mwaka na bila cheti unakilipa mara mbili. Kenya, tangu Januari 2024, gharama isiyo na ankara ya eTIMS, mfumo wa ankara za kielektroniki wa mamlaka ya kodi, haikubaliki katika hesabu za kodi za mteja, hivyo dizaina asiyeweza kuitoa hupoteza kazi za kampuni kubwa kabla hata ya kuzungumzia bei.

Akiba ya kukimu miezi sita ndiyo inayokupa uwezo wa kukataa kazi mbaya. Inachukua muda kuijenga. Anza na mwezi mmoja.

Hatua ya sita: tunza mwili na uandae nafasi ya umri wa kati

Maumivu ya kifundo cha mkono, mgongo na macho huwatoa watu kwenye kazi hii kimyakimya. Inua skrini ifike usawa wa macho, tumia kiti chenye kuegemeza mgongo, na kila dakika 20 tazama mbali kwa sekunde 20. Ganzi ya vidole isiyokwisha ipelekwe hospitali mapema.

Kuhusu umri, ofisi nyingi za matangazo hupenda vijana wanaokesha. Kuanzia mwaka wa saba au wa nane wa kazi, anza kuomba majukumu ya kuandika maelekezo ya kazi, kusimamia uchapaji, kukadiria gharama na kuwasilisha kazi mbele ya mteja. Kaa kwenye mikutano ambako mambo huamuliwa, hata kama mwanzoni unakwenda kuandika tu kumbukumbu. Fundisha wadogo zako ofisini bila kuwaficha kitu; wao ndio watakaokuwa wakuu wa vitengo kwingine, na watakapotafuta mtu watakukumbuka.

Hatua ya saba: ukipewa notisi, fuata utaratibu

Usisaini chochote siku hiyohiyo. Omba barua, isome nyumbani, muulize anayejua sheria. Tanzania, mwajiri anayepunguza wafanyakazi anatakiwa kutoa taarifa ya nia hiyo, kueleza sababu, na kushauriana juu ya njia za kuepuka au kupunguza athari na vigezo vya kuchagua watakaoondoka. Anayelipwa kwa mwezi hupewa notisi isiyopungua siku 28. Aliyetimiza miezi 12 mfululizo hulipwa kiinua mgongo kisichopungua mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka aliokamilisha, hadi miaka 10, juu ya malipo ya likizo ambayo hakuichukua. Kenya, Sheria ya Ajira ya 2007 inataka notisi ya mwezi mmoja, itolewayo pia kwa afisa wa kazi, na malipo yasiyopungua siku 15 kwa kila mwaka uliokamilika.

Ukiona umeonewa, zingatia muda. Tanzania, lalamiko la kuachishwa kazi isivyo halali hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30, na wengi hupoteza haki kwa sababu wiki tatu za mwanzo wanazimaliza wakimsubiri bosi abadili mawazo. Dai cheti cha utumishi kabla ya kurudisha kitambulisho. Wiki hiyohiyo waandikie wateja wote uliowahi kufanya nao kazi nje ya kampuni, ukiwaeleza ni kazi gani unafanya sasa, unapatikana lini na unaanzia bei gani, na uambatishe kazi tatu za eneo lako, zile zinazofanana na mahitaji ya kila mmoja wao.